Zamu ya Jumatano

Mwaka 1999, mwanangu, mtungi wa maji kwetu Mikindani, Mombasa, ulikuwa shilingi tano mwenye mkokoteni akiwa na huruma, na shilingi kumi mifereji ikikauka wiki nzima. Naanza na maji kwa sababu anayeuguza mtu wa kuhara huhesabu mitungi kabla ya kuhesabu vidonge. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilifika Mombasa mwaka 1957, wakati huku bara kwetu kulikuwa na minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Miaka arobaini baadaye tulikuwa tumejazana: sisi wa mtaa wa viwanja, wenzetu wa kijiji cha Bangladesh waliokuwa wakijenga kwa mabati makuukuu ubavuni mwetu, na Magongo, na Miritini, kila nyumba imetega pipa. Usiku mmoja mbaya ulimaliza mitungi mitatu au minne: wa kumwosha mgonjwa, wa kuloweka shuka, wa kuzisuuza, na wa mwisho wa kupigia sakafu deki. Harufu iliyonibaki puani hadi leo ni ya Jik, imechanganyika na ubani tuliochoma mlangoni ili mgeni akiingia asikunje uso, na upepo wa kusi ukivuma, moshi wa jalala la Kibarani. Ukitoka uani usiku ungeuona moto wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe ukiwaka juu ya bomba lake, mawingu yamegeuka rangi ya chungwa. Dadangu alianika shuka saa tisa za usiku akiutazama moto ule.

Aliyekuwa kitandani ni kitindamimba wetu. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine akivuka hadi Kampala na Kigali, kijana wa kifua kipana ambaye hakurudi safari bila mkungu wa ndizi, na mkungu wenyewe hakuufaidi maana aliugawa mtaa mzima. Mwishoni mwa mwaka 1998 alirudi na kikohozi kisichosikia dawa, na kufikia Ramadhani ya mwaka uliofuata suruali zake zilikuwa zikifungwa kwa kamba. Mkewe alikuwa amekwenda kwao. Dadangu mkubwa, mjane, alikuwa akikaanga mahamri alfajiri na kuyauza shilingi mbili mbili kwa watu waliopanda matatu za kwenda bandarini. Aliliweka karai lake juu ya kabati akisema ni kwa wiki chache. Mimi, kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa imepunguza watu nami nikiwamo, ndipo nikawa na mchana mrefu na mfuko mfupi. Sisi wanaume wa rika langu hatukufunzwa kumwosha mtu mzima, kumkata kucha, wala kumlisha kwa kijiko. Nilijifunza kwa dadangu, na baadhi ya watu walipoona natoka uani na beseni la nguo za mgonjwa waligeuza uso, si kwa dharau naamini, bali kwa kutojua waseme nini.

Gonjwa lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu vya serikali tangu 1984, alipogunduliwa mgonjwa wa kwanza nchini, lakini miaka nenda miaka rudi lilisemwa kwa kunong'ona. Ana mdudu. Amerogwa. Ni kifua kikuu tu, kitapona. Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Moi akatangaza kwamba ukimwi ni janga la kitaifa. Tuliisikia habari hiyo redioni dadangu akichambua mchele, akainua uso akauliza, "Sasa wataleta glavu?" Mwaka ule hazikuletwa. Wodi zilijaa hadi wagonjwa wawili wakalala kitanda kimoja, na waliokuwa hawana nafuu tena walirudishwa kwao, wakaambiwa wale vizuri na wapate hewa. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kitaifa wa huduma za nyumbani, nayo ilikuwa hatua ya maana. Ila sisi tulikuwa tumekwisha kufika huko kwa miguu yetu wenyewe. Katika nyumba nyingi za Mikindani, huduma za nyumbani maana yake ilikuwa mwanamke mmoja asiyelala.

Nataka nikueleze uchovu ule ulivyo, maana watu hudhani ni usingizi tu. Dadangu alianza kwa kusahau chumvi. Kisha akawa anasimama mlangoni ameshika kikombe, asijue alikuwa akikipeleka wapi. Alikula kwa kusimama, uji wa wimbi uliobaki bakulini mwa mgonjwa, na ukimkemea anakwambia ameshiba. Nywele alizokuwa akisukwa kila baada ya wiki mbili zilishikamana ndani ya kitambaa. Miguu ilimvimba mpaka ndara zikamkataa. Na kilichomtisha yeye mwenyewe kuliko vyote ni hasira. Ndugu yetu akitapika dawa, humkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake tangu tukiwa watoto, kisha huyo anatoka uani kulia kwa haya. Mapenzi yalikuwapo tele, mwanangu, tena hayakupungua hata siku moja. Mwili ndio uliokwisha.

Majirani walimsifu. Walikuja baada ya magharibi, wakakaa ukingoni mwa kiti, wakapenyeza noti ya hamsini chini ya mkeka, wakasema pepo yake iko papa hapa na Mungu atamlipa, kisha wakaaga kabla ya chai kuiva. Siwalaumu kwa woga; kila nyumba ilikuwa na lake, na nyingine zilikuwa na lilelile zikilificha. Lakini sifa zile nimezifikiria miaka yote hii, na nasema bila kificho kwamba zilimdhuru. Mtu akishaitwa malaika hawezi tena kusema kwamba mgongo unamuuma, wala kwamba jana usiku alitamani, kwa dakika moja, yote yaishe. Anayesema Mungu atakulipa huku akitafuta viatu vyake mlangoni amekwisha kujitoa katika deni lile, amemwachia Mungu na dadangu.

Watawa wa Kikatoliki walikuwa na zahanati upande wetu, na kutoka hapo walituma wanawake wa kujitolea wakapita nyumba kwa nyumba na mkoba begani: glavu, Jik, sabuni ya mche, pakiti za maji ya chumvi na sukari, dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, Panadol, Septrin. Hawakuuliza dini. Sisi ni Waswahili wa Jomvu, Waislamu jadi na jadi, na mama aliyeletwa kwetu alikuwa Mtaita mwenye rozari shingoni, mnene, mwenye mwanya na mikono mikubwa iliyopasukapasuka kwa sabuni. Alipiga hodi, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kitandani akampa mgonjwa mkono na kumwita kwa jina. Sidhani kuna mtu nje ya nyumba yetu aliyekuwa amemshika mkono kwa miezi. Alituonyesha namna ya kubadilisha shuka bila kumwinua mtu: unamgeuza ubavu, unakunja shuka chafu kwa urefu hadi mgongoni mwake, unatandika safi nusu, kisha unamgeuzia upande wa pili. Alitufundisha kuvaa mifuko ya mkate mikononi siku glavu zikiisha, na kununua Mwembe Tayari ile nailoni ya meza inayouzwa kwa mita, tuitandike chini ya shuka. Alipomaliza, akakaza macho kwa dadangu, akamuuliza, "Na wewe, dada, leo umekula nini?" Dadangu alifungua kinywa ajibu, na jibu halikupatikana. Akaketi palepale sakafuni akalia mpaka ncha ya leso ikalowa chapachapa. Yule mama hakumnyamazisha. Alikwenda jikoni kana kwamba ni kwake, akakoroga uji, akautia sukari kwa mkono wa ukarimu, akamshikisha kikombe na kumngojea mpaka akakiona chini.

Ndiye aliyetupeleka kwenye kikao cha Alhamisi. Kilifanyika katika darasa la chekechea, saa tisa alasiri watoto wakishatoka, na sisi watu wazima tukajibana kwenye viti vyao vidogo magoti yakigusa kidevu, chumba kinanuka chaki na mihogo ya kuchemsha. Tulikuwa watu kumi na tano hivi, wanawake karibu wote. Wanaume tulikuwa wawili, mimi na fundi cherehani mmoja Mjaluo aliyekuwa akimuuguza mkewe, mtu mpole wa miwani iliyofungwa uzi. Palikuwa na bibi wa Kirabai aliyekuwa amezika watoto watatu na sasa analea wajukuu sita, uso umekauka, jicho linang'aa. Palikuwa na msichana ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, ameacha shule kumwangalia mamake; alikuja na sare yake ileile ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzima aliyokuwa nayo. Kila kikao kilianza kwa chai ya rangi yenye tangawizi na kwa sharti moja: katika mzunguko wa kwanza hakuna kumtaja mgonjwa. Sema habari zako wewe. Umelala? Umekula ukiwa umekaa? Kuna aliyekuchekesha wiki hii? Huwezi kuamini jinsi sharti hilo lilivyotushinda mwanzoni. Kila aliyefungua mdomo alianza na "mgonjwa wangu", na wenzake wakamrudisha. Yule msichana alikaa vikao kadhaa bila kuwa na la kusema, hata siku moja akasema tu kwamba ameota anacheza netiboli, na wanawake wazima wakapiga makofi.

Aliyesimamia kikao alikuwa mtawa muuguzi, mrefu, wa sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Wakufunzi wengine walikuwa wamewahi kutupitia na mafunzo ya siku moja, wakatuambia tulale kwa saa nane, tule matunda na tufanye mazoezi ya kunyoosha viungo. Nia yao ilikuwa njema na waliyosema ni kweli tupu. Lakini hawakusema ni nani atakayekaa na mgonjwa sisi tukiwa tumelala. Yule mtawa alianzia hapo. Alichukua daftari la kurasa tisini na sita, akatupanga nyumba mbili mbili kwa ukaribu wa milango, na kila nyumba ikawa na zamu katika nyumba ya pili, alasiri moja kwa wiki, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Masharti yalikuwa machache lakini hayakuchezewa. Mwenye zamu afike kwa wakati, maana mtu aliyengoja wiki nzima hawezi kuongezwa nusu saa. Aijue dawa na saa yake. Mwenye nyumba akishampokea mwenzake atoke. Haruhusiwi kubaki akifagia na kupanga vyombo. Na akirudi asiulizwe alikuwa wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililowatia watu hofu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote hadi leo. Mwanamke wa mtaa wetu alikuwa na ruhusa ya kutoka kwenda dukani, kisimani, msibani, msikitini au kanisani. Kutoka ili kutoka tu hakukuwa na jina. Kikao kikatuwekea kwamba ni haki yake na haina maelezo. Sisi tuliunganishwa na nyumba ya fundi cherehani. Zamu ya dadangu kutoka iliangukia Jumatano, kwa sababu Ijumaa ni ya Waislamu, Jumapili ya Wakristo, Alhamisi ya kikao, na Jumatatu nguo zilikuwa hazisemeki. Kila Jumatano saa saba fundi alikuja na nguo za watu za kupiga vifungo ndani ya mfuko, akakaa kando ya kitanda akishona na kumsimulia ndugu yangu habari za mpira. Zamu yake ya kutoka ilipofika, mimi nikaenda kwake, yeye akatoka. Sikumuuliza alikokwenda. Nilimwona mara moja amekaa peke yake kwenye ukingo wa barabara kuu akitazama malori yanayopanda kwenda Nairobi, mikono mapajani, nikapita upande wa pili nisimsumbue.

Jumatano ya kwanza dadangu alikwenda kwa shangazi yetu Jomvu Kuu, akalala kwenye mkeka chini ya mwembe kutoka saa saba na nusu hadi alipoamshwa na adhana ya alasiri, akaswali, akalala tena. Ya pili ikawa vivyo hivyo. Baadaye usingizi ulipomtosha ndipo akaanza kukumbuka anachokipenda. Alikwenda kusukwa. Alishuka na wanawake wenzake hadi kwenye mikoko ya hori la Tudor maji yakiwa yametoka, tope hadi goti, wakiokota chaza na kucheka kwa sauti mpaka wavuvi wakageuka. Alipanda matatu hadi mjini, nauli shilingi ishirini, akatazama leso mpya Biashara Street asinunue hata moja, akarudi ananuka mahindi ya kuchoma. Karibu na Idd akatiwa hina, na mgonjwa ndiye aliyeishika ile mikono akaisifu. Mimi mambo yangu yalikuwa machache: baraza ya wacheza bao, kahawa chungu kikombe shilingi mbili na kashata ya nazi, na hadithi ambazo hazikuhusu ugonjwa wowote. Nilikuwa narudi nyumbani nina subira. Sina neno jingine la kuieleza hali ile. Subira iliyokuwa imekauka asubuhi, jioni nilikuwa nayo tena.

Maneno yalikuwapo, bila shaka. Palisemwa kwamba dadangu amechoka kuuguza, anajipamba wakati nduguye anakata roho. Neno hilo lilipomfikia, Jumatano iliyofuata akakataa kutoka. Yule bibi wa Kirabai ndiye aliyekuja mwenyewe, na fimbo yake, kutoka upande wa pili wa mtaa. Hakumhubiria. Alimwambia kwamba mtoto wake wa kwanza alimuuguza peke yake, usiku na mchana, na siku za mwisho alimchukia, na hicho ndicho kinachomwamsha usiku hata sasa, si kifo chenyewe. Wa pili na wa tatu aliwauguza kwa zamu, na aliwazika akiwa bado anawapenda. Kisha akaketi kando ya kitanda na kumwonyesha dadangu mlango. Dadangu akachukua buibui lake akatoka, na wasemaji wakasema mpaka wakachoka.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba haya hayakuwa ya kwetu pekee. Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba alipofiwa na mumewe kwa ukimwi, yeye na wenzake wachache walianzisha shirika la TASO, na kazi ile kubwa iliyoenea Uganda nzima ilianza kwa watu waliokuwa wakikutana, wagonjwa na waliowauguza pamoja, kufarijiana. Marekani, Steven Zarit na wenzake walikuwa wamekwisha kutunga, mwaka 1980, maswali ya kupima mzigo wa anayemwangalia mgonjwa nyumbani. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, na mpwa wangu muuguzi aliponisomea baadhi yake, kuhusu muda wa mtu kwa nafsi yake, kuhusu hasira, kuhusu afya inayozorota, niliyasikia kama kikao chetu cha Alhamisi kimeandikwa na mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa. Nilifurahi kujua kwamba kuna wataalamu wanaoupima mzigo. Naendelea kuuliza, kila ninapopata nafasi, ni nani anayepeleka mtu wa kuubeba.

Ndugu yetu alifariki wiki ya uchaguzi wa Desemba 2002. Mwezi mmoja nyuma hoteli ya Kikambala ilikuwa imelipuliwa kwa bomu, mji una majonzi. Kisha tarehe 27 watu wakapiga kura, na tarehe 30 Kibaki akaapishwa Uhuru Park, nchi nzima inaimba. Sisi tulikuwa matangani. Tulimzika Jomvu Kuu, fundi cherehani akasimama na wanaume wa Kiislamu makaburini, kofia ameazima. Alikuwa amekonda ndugu yangu, jeneza lilikuwa jepesi mno, lakini ngozi yake haikuwa na kidonda hata kimoja cha kulalia, na waliomwosha walilisema hilo kwa sauti.

Watu huondoka baada ya hitima, na hapo ndipo anayeuguza huanguka. Dadangu aliendelea kuamka saa tisa za usiku. Alikuwa anakwenda kuloweka shuka ambazo hazikuwapo. Kikundi kilikuwa na utaratibu wake kwa hili pia: aliyezika haguswi na zamu yoyote mpaka aombe mwenyewe, lakini ile alasiri yake haifutwi. Jumatano saa saba fundi akaja kama kawaida, na mfuko wake wa vifungo, akakaa. Alipoulizwa anamlinda nani, akasema amekuja kumtoa dadangu nyumbani. Wakaenda wote watatu, na yule mama wa Kitaita, hadi ufuoni Pirates, wakanunua viazi vya karai vya shilingi kumi, wakala wakitazama watoto wa mji wakirukaruka majini. Ilipita miezi kabla hajalishusha karai lake kabatini. Alipolishusha, mahamri yalikuwa yamefika shilingi tatu.

Dawa zilikuwa njiani wakati tunazika, na hilo limenichukua muda kulimeza. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuwauzia madaktari wa shirika la MSF dawa za mgonjwa mmoja za mwaka mzima kwa dola 350, wakati bei ya kampuni kubwa ilikuwa maelfu. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria ya haki za uvumbuzi wa viwandani iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Mwaka 2003 zikaanza kutolewa Coast General, baadaye na zahanati za huku Changamwe, na kufikia 2006 serikali ikafuta ada kabisa. Mke wa fundi aliwahi. Alikuwa na kilo thelathini na kitu alipoanza kumeza, na mwaka uliofuata nilimkuta Kongowea amebeba gunia la vitunguu akibishana bei. Yule msichana wa sare mamake hakuwahi, lakini yeye alirudi shule, wanawake wa kikao wakimchangia karo, na leo ni mwalimu.

Kikao cha Alhamisi kilipungua watu jinsi vitanda vilivyokuwa vikipungua, kikageuka chama cha kuweka akiba, kisha kikafa kifo cha kawaida. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu laki moja wa afya ya jamii, na mikoba na simu na posho ya shilingi elfu tano kwa mwezi, nami nilifurahi kwa niaba ya yule mama wa Kitaita ambaye hakulipwa hata nauli. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, niliwaona watu wazima wa mtaa wetu wakihesabu vidonge tena, na nikahisi ile baridi ya zamani mgongoni. Lakini wengi wanaouguzwa Mikindani siku hizi ni wazee: kiharusi, sukari, figo, na wale wanaosahau majina ya watoto wao. Vitanda vimerudi vyumbani, na kando ya kila kitanda kuna binti au mke, na wageni bado wanasema Mungu atakulipa.

Dadangu ana miaka sabini na zaidi. Aliolewa tena, kama ujuavyo, na shemeji yangu amepooza upande wa kulia tangu mwaka juzi. Yeye hakungoja mtawa. Wiki ya pili tu baada ya kutoka hospitali aliita watoto na jamaa, akatoa daftari. Jumatano ni yangu. Nafika saa saba, yeye anatoka, wala simuulizi. Kazi yenyewe si ngumu: anageuzwa kila baada ya saa mbili, uji wake anyweshwe akiwa ameketishwa wima asije akapaliwa, dawa ya presha ni saa nane baada ya kula, na anapenda kusomewa magazeti kuanzia nyuma, ukurasa wa michezo. Ila Jumatano ya kwanza ya kila mwezi nina kliniki yangu mwenyewe, na daftarini hapo pamekaa wazi. Nimekuandika wewe, kuanzia mwezi ujao. Njoo mapema kidogo, saa sita na nusu, nikuonyeshe namna ya kubadilisha shuka.